Ada Isiyorudishwa

Siku tatu baada ya kumzika mama yake, Bernadine Koski alikuwa ameketi kwenye sakafu ya jikoni, kiatu kimoja mapajani, akipaka gundi kwenye soli iliyoanza kubanduka. Mezani yalirundikana mabakuli ya majirani walioleta vyakula vya matanga, kila moja na jina la mwenyewe limebandikwa ubavuni. Aliibana ile soli kwa vidole, akahesabu hadi mia mbili, akaanza tena. Gundi ilimkaukia kwenye kucha. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa jirani kwenye basi.

Kaka yake Wayne aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama alivyozoea tangu utotoni. Alikuja kuchukua kiti cha magurudumu cha mama yao, akirudishe kanisani walikokiazima. Alipoona kiatu, akasahau kiti.

"Kesho unakwenda kukimbia," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nililipa tangu Januari."

"Mama hajamaliza wiki ardhini, Bernie."

"Ada hairudishwi. Nimewapigia, nimeuliza."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema nimekimbia."

Wayne alimtazama usoni apate kujua kama ule ni mzaha au ni ungamo. Hakuona chochote cha kumsaidia. Akakiinua kiti, akatoka. Kupitia dirishani Bernadine alimwona akihangaika kukikunja nyuma ya gari lake, akivuta huku na kusukuma kule. Alijua kuna kitufe kidogo chini ya kikalio. Alikuwa amekibonyeza maelfu ya mara. Alijua pia kwamba dada mwema angetoka akamwonyesha. Aliendelea kukaa pale pale, mpaka Wayne akakata tamaa na kukipakia kiti kikiwa wazi, kama kilichokaliwa na mtu.

Hakuwa amelia. Si hospitali, si kanisani, si makaburini ambako upepo wa Ziwa Erie uliyapeperusha maua kabla mchungaji hajasema amina. Wanawake wa mji wao, Ashtabula, walimkumbatia mmoja mmoja wakamwambia kwamba machozi yatakuja yenyewe, na yeye akawashukuru. Ndani mlikuwa na ganzi tu, ile ya jino lililochomwa sindano: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lakini halikuhusu.

Alianza kukimbia mwaka ule mama yake alipopata kiharusi naye akarudi kumuuguza, akijipatia riziki kwa kuosha vyombo katika jiko la shule asubuhi tatu kwa wiki. Kila starehe nyingine ya dunia ilikuwa na mlango na mtu wa kukata tiketi. Barabara haikuwa na mlango. Marathoni ndizo zilizokuwa na ada, nazo alizijia kwa njia za panya. Alijiandikisha miezi tisa kabla, bei ikiwa chini. Viatu alinunua vya toleo la mwaka uliopita, duka likisafisha rafu. Wenzake walinyonya vipakiti vya sukari vyenye bei ya chakula cha mchana. Yeye alifunga kiunoni vipakiti vya asali ya mkahawani, vile vinavyowekwa mezani kwa ajili ya chai, na chumvi kidogo aliyoikunja ndani ya karatasi. Hoteli hakuijua. Aliondoka kabla ya mapambazuko, akala uji wake wa shayiri ndani ya gari, akiwa ameufungia kwenye chupa ya kutunza joto. Kwa njia hiyo alikuwa amemaliza marathoni kumi na moja, na hakuna hata moja aliyoiacha njiani.

Hii ya kumi na mbili ilipita katikati ya mashamba ya mizabibu. Ilikuwa Oktoba, zabibu zimeiva hadi kupasuka, na ukungu uliibeba harufu yake barabara nzima. Bernadine aliitambua harufu ile kama mtu anayesoma maandishi ya kopo: hii ni harufu tamu. Maili tano zikapita, kumi zikapita. Watu wa pembeni walipiga makofi na kugonga masufuria. Mtoto mmoja alinyoosha kiganja kiguswe, naye akakigusa kwa sababu kilikuwa kimenyooshwa.

Kila mkimbiaji anaijua maili ya ishirini. Hapo ndipo mwili hudai haki zake zote kwa mpigo: mapaja huwa magogo, nyayo huwaka moto, na akili huanza kutafuta sababu za heshima za kuketi chini. Bernadine aliingojea maili ile kama mtu anayemngojea mgeni asiyempenda lakini anayemjua. Ikaja, ikapita. Hakuhisi kitu. Miguu iliinuka na kushuka kama ya mtu mwingine, naye alikuwa amepanda tu. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alipoogopa.

Mbele kidogo ya kibao cha maili ishirini na moja, mwanamume mmoja mweusi, mnene wa mabega, mwenye ndevu za mvi, alikuwa ameketi kwenye kingo ya chuma ya barabara, mguu mmoja umenyooka kama ubao. Jasho lilimkaukia usoni likaacha michirizi ya chumvi.

"Dada, samahani," alisema. "Huna chumvi? Paja limenikamata."

Bernadine alisimama. Saa yake ilionyesha amebakiwa na saa mbili kabla ya kufungwa kwa mbio, muda wa kumtosha na kusaza. Akamkunjulia karatasi. Yule bwana akailamba chumvi yote, akafumba macho, akajaribu kuinuka, akarudi chini kwa kishindo.

"Nenda tu, mama. Gari la kukusanya waliochoka liko nyuma yangu. Mimi ni Odell. Ukifika mwambie mke wangu, Vernice, kofia nyekundu, kwamba sijafa."

Angeweza kwenda. Badala yake miguu yake ilikwisha kujipanga yenyewe: mguu wa kulia ukakinga unyayo wa Odell usiteleze, goti likaegemea goti, mikono ikapita chini ya makwapa yake ikafungana mgongoni. Mwili ule mzito, uliolowa, ukamwegemea kifuani. Kisha akajisikia akihesabu kwa sauti ya chini, "Yksi, kaksi, kolme," na kwenye kolme wote wawili walikuwa wamesimama.

Odell alihema begani kwake. "Umeninyanyua kama mtoto mchanga," alisema. "Lugha gani hiyo?"

"Kifini. Ya mama yangu. Alipougua, Kiingereza kilimtoka chote, akabaki nayo hiyo tu."

"Yuko wapi mama?"

"Tumemzika Jumatano."

Wote waliomfikia wiki ile walikuwa wakijua tayari. Hakuwa amelazimika kulitamka. Sentensi ile ilitoka ikabaki hewani kati yao, ndogo kuliko alivyodhani, na nzito kuliko alivyodhani.

 Odell alitazama barabara, akahamisha uzito wake kutoka mguu mbovu hadi bega la Bernadine.

"Basi usiniachie," alisema.

Wakaanza kutembea. Hatua kumi, mapumziko, hatua kumi. Odell alizungumza ili asilie, na alikiri hivyo mwenyewe. Alikuwa dereva wa basi la jiji kule Cleveland kwa miaka thelathini na moja. Ada za mbio zilipomshinda baada ya kustaafu, alianza kujitolea Jumamosi kugawa namba kwa wakimbiaji, na kwa ujira alipewa nafasi ya kukimbia bure mbio inayofuata. "Miaka thelathini na moja sikumwacha abiria njiani," alisema. "Leo ndipo naona jinsi ilivyo kazi ngumu kuwa abiria." Bernadine alisikia mlio mfupi ukimtoka puani, akagundua baadaye kwamba ulikuwa kicheko.

Gari la kukusanya wakimbiaji liliwafikia maili ya ishirini na tatu. Kijana wa usukani akaeleza kwa upole kwamba kwa mwendo ule hawatawahi. Odell akamgeukia Bernadine. "Mimi nipande. Wewe bado una miguu. Kimbia, utaipata nishani yako."

Alitazama mbele. Ilikuwa kweli. Kwa mara ya kumi na mbili angeweza kumaliza, na jina lake likaandikwa. Aliufikiria ule mkono uliolala shingoni pake, joto lake, jinsi ulivyomwamini bila kumjua. Akamwambia kijana awatangulie.

Maumivu yalikuja hapo, bila taarifa. Yalianzia kwenye kucha za miguu, yakapanda kwenye visigino, magoti, kiuno, kama watu wanaorudi nyumbani mmoja mmoja na kuwasha taa. Kufikia maili ya ishirini na tano kila hatua ilimchoma, na alikuwa akiuma meno, na hakutaka yakome.

Walipofika, saa kubwa ya mwisho wa mbio ilikuwa imeshushwa, na wanaume wawili walikuwa wakikunja mazulia ya kupimia muda. Mmoja aliwaomba radhi kwamba kumbukumbu zimefungwa dakika kumi na mbili zilizopita. Mwanamke wa kofia nyekundu akaja mbio kutoka kwenye maegesho, akamchukua Odell upande wa pili, akimgombeza.

Vernice alikuwa amepika. Nyuma ya gari lake, sufuria imeviringishwa mataulo, kulikuwa na maharage yaliyochemshwa na shingo ya bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi, na mkate wa mahindi ndani ya karatasi ya aluminiamu. Alimketisha Bernadine kwenye kiti cha turubai, akamfunika koti la mumewe, akampa bakuli. Hakuuliza jina mpaka alipoona bakuli ni tupu.

"Una haraka, mama?"

Bernadine aligeuza mkono kutazama saa. Ilikuwa saa nane kasorobo. Kwa miaka sita, baada ya kila mbio, alikuwa ameondoka na jasho mwilini na ndizi mdomoni, kwa sababu Bi Lempi wa jirani, aliyekaa na mama yake, aliondoka saa tisa kamili, na mama hakuweza kubaki peke yake hata robo saa. Hakuwahi kuketi. Hakujua kama baada ya marathoni watu hukaa, hula, hunyoosha miguu juani na kuulizana wametoka wapi.

Alifungua kinywa aseme hana haraka. Badala yake akanyoosha miguu juani.

Vernice hakungoja jibu. Alilichukua bakuli mikononi mwa Bernadine, akafunua sufuria, akapakua tena.