Serah wa Tiketi

Mizani ilisema kilo kumi na moja. Jepchumba, msichana wa kaunta ya Korongo Air katika kiwanja kidogo cha ndege cha Kitale, akaitupia jicho mara moja tu.

"Mama, tiketi yako ni ya mtu na kibeti chake peke yake. Huu mfuko unalipiwa."

"Si ni unga tu na mboga," Sellah akasema. "Ni ya mgonjwa."

Ulikuwa unga wa wimbi, pamoja na saga, mboga ya majani machungu aliyoichemsha alfajiri kabla ya kutoka chuo cha Mabanga, ambako alikuwa mpishi wa kibarua. Dada yake Rosaline alikuwa amelazwa Nairobi. Angeingizwa kwenye upasuaji saa sita mchana, na daktari hakumficha mumewe, Wekoye: anayetaka kumwona aje kabla ya hapo. Habari ilifika Bungoma jioni, mabasi ya usiku yakiwa yameshajaa. Ndipo mtu akakumbuka tangazo la ndege, Kitale hadi Nairobi kwa elfu mbili na mia tisa. Hiyo ilikuwa bei ya kumbeba mtu. Mambo mengine ya mtu yaliandikwa chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na siafu.

Sellah hakubishana. Aliushusha mfuko, akausogeza ukutani kwa mguu. Rosaline angekula saga siku nyingine. Cha kwanza ni kumwona. Akatoa kitambulisho.

Jepchumba akakitazama, akatazama kompyuta, akakitazama tena.

"Hii tiketi ni ya Serah."

"Ndio mimi."

"Kitambulisho kinasema Sellah."

"Ndio hiro. Serah."

"Mama, hayo ni majina mawili."

Sellah akamwangalia asielewe. Jana jioni alisimama katika duka la kompyuta la Salman, mjini Bungoma. Salman, ambaye wazazi wake walikuja kutoka mbali, aliuliza jina, akatajiwa, akaandika alichosikia. Kwao Sellah, r na l hukaa nyumba moja na hakuna anayeuliza nani ni nani. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na hakuna aliyewahi kumtoza kitu kwa hilo.

"Kurekebisha jina ni elfu tatu," Jepchumba akasema.

"Tiketi yenyewe nirinunua chini ya hiyo."

"Najua, mama."

"Si uandike tu hizo herufi, mwanangu. Dada yangu amerara hospitari."

"Nikibonyeza hapa inaniuliza namba ya malipo. Bila hiyo haikubali." Msichana akapunguza sauti. "Na mimi ni wa kibarua pia. Mwezi jana walinikata pesa kwa sababu nilipitisha mzee na mkongojo wake bure."

Mwanamume aliyekuwa nyuma, mwenye mkoba mwembamba begani, akakohoa. "Masharti yako wazi, mama. Ndiyo maana bei iko chini. Mwenye kutaka kila kitu anapanda ile ya bei ghali."

Hakusema kwa ubaya, na kwa upande wake huenda alikuwa na haki. Tiketi yake alijinunulia mwenyewe, akaandika jina lake kwa vidole vyake. Kusema kweli, masharti ya namna hiyo ni mepesi sana kwa mtu asiyekosea, na asiye na mgonjwa.

Sellah akatoka kwenye foleni, akampigia Pauline, mpishi mwenzake. Pauline hakuuliza maswali. Alizunguka jikoni na simu yake, kutoka sufuria hadi sufuria, na ujumbe ukaanza kuingia kwa Sellah: mia mbili, mia, hamsini, mia tena. Kila ulipolia alisema asante kwa sauti, kana kwamba mtumaji alikuwa amesimama pale.

Elfu tatu zilitimia saa mbili na dakika tano. Akalipa. Jina likabadilika hapo hapo kwenye kompyuta, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kisha kompyuta ikakataa kumpa kiti. Ndege ilikuwa ya saa mbili na dakika arobaini, na kaunta hufungwa dakika arobaini kabla.

"Lakini nimekuwa hapa tangu saa moja na nusu," Sellah akasema. "Umeniona."

"Nimekuona, mama."

"Basi nirudishieni pesa ya watu."

Jepchumba akainamisha kichwa. "Ada ya jina hairudishwi. Jina limerekebishwa."

Sellah alisimama uani, kando ya ua wa waya, akaitazama ndege ikikimbia, ikainuka, ikapotea juu ya mashamba ya mahindi. Akampigia Wekoye.

"Weka simu kwa sikio yake," alimwambia.

Akasikia magurudumu ya kitanda, na mtu akikohoa mbali.

"Losarine," akaita. "Losarine, ni mimi."

Wekoye akasema kwa mbali, "Amefungua macho. Ni wewe tu unamwita hivyo."

Kisha ikaja sauti ndogo, kavu.

"Serah. Umefika?"

"Nimekaribia," Sellah akasema.

Hawakuzungumza tena. Rosaline aliingizwa saa sita kama walivyosema, na hakutoka akiwa hai. Lakini hayo Sellah alikuwa bado hajayajua pale uani, Jepchumba alipotoka akiwa ameubeba mfuko wa unga kwa mikono miwili, karatasi imebanwa kati ya vidole.

"Mama Sellah, umesahau mzigo. Na risiti yako."

Akaupokea mfuko. Karatasi akaiacha pale pale, mkononi mwa msichana.

"Serah," akasema. "Mimi naitwa Serah."