Kaa wa Évariste Nérome

Kila Ijumaa jioni, katika klabu ya jazi iliyokuwa chini ya duka moja la vitabu mjini Paris, Évariste Nérome alipiga kwa klarineti wimbo alioutunga mwenyewe kabla hajaondoka kisiwani Guadeloupe. Wimbo ulipofika katikati, kaa watatu wanne wa nchi kavu walitoka chini ya piano, wakaenda kusimama karibu na viatu vyake. Mkewe, Léonide, aliwatia kwenye mfuko wa turubai. Jumapili waliliwa kwa wali na pilipili, na mpiga piano hakukosa kualikwa, maana walitokea upande wake.

Mpiga piano huyo, Armand Delorme, alikuwa mcheshi, mtu wa kumaliza sinia kisha akaulizia ukoko. Alisomeshwa na walimu wakubwa na aliweza kuandika chochote alichosikia. Évariste hakuandika. Alisema wimbo una nyumba yake kichwani na haujalalamika.

Kampuni moja ya baleti ilipomwomba Armand muziki, aliwapa wimbo wa Évariste, akauzungushia fidla chungu nzima.

"Kaka, jina lako nitaliweka," alimwambia, mdomo umejaa wali.

"Liweke karibu na lako tu. Wala lisiwe kubwa."

"Ah, wewe naye! Kwani tumejuana leo?"

Bango lilitoka na jina la Armand peke yake. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Évariste alichumia chini ya ardhi, na aliyekula ni mwingine, tena mezani kwake.

Usiku wa kwanza kaa walitoka mahali pa okestra wakapanda jukwaani. Wachezaji waliwaruka kwa ncha za vidole, na magazeti yakasifu hatua hizo mpya. Kaa hawakusimama kwa Armand, aliyekuwa akiinama kupokea makofi. Walipanda ngazi hadi roshani ya juu kabisa, alipokaa Évariste na mkewe, wakasimama miguuni pake.

"Hata kaa wanajua," alisema Léonide. "Nenda kamwambie."

Alikwenda. Armand alimkumbatia kwa nguvu. "Mchapaji huyo, kaka! Subiri filamu. Kwenye filamu hakuna kukosea."

Filamu ilikuja, ya wezi na mvua, na wimbo ukapigwa ndani yake, kwa klarineti ya Évariste, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sasa kaa walitoka chini ya pazia jeupe la kila sinema nchini. Wale wa Lyon walifuata reli, wakafika Paris kwa Évariste wamechoka. Wanawake wanaoonyesha watu viti walibanwa vidole, wenye sinema wakalalamika, na mwenye filamu akaita mkutano kuuliza kaa hawa ni wa nani.

Armand alisimama, mkono kifuani.

"Ni wa Évariste Nérome," alisema. "Mimi siwezi kuchukua kisicho changu."

Wote walimsifu kwa uaminifu wake. Ikaamuliwa haki itendeke na majina ya filamu yaandikwe upya.

Siku filamu ilipoonyeshwa upya, Évariste alivaa suti aliyofungia ndoa. Léonide alibeba mfuko, kwa mazoea tu. Taa zikazimwa. *Muziki: Armand Delorme*, jina likajaa pazia zima. Wakafuata fundi nguo, fundi rangi, na mtunza farasi, ingawa farasi mwenyewe alionekana mara moja tu, kwa mbali. Mwisho kabisa, kwa herufi safi: *Kaa: Évariste Nérome*.

"Wamekuandika," Léonide alinong'ona. "Lakini hiyo klarineti si pumzi yako? Hapo unapoikata, si wewe huyo?"

"Ni mimi."

Ilimuuma. Alitazama mbele, na vidole vyake vikafuata wimbo juu ya goti.

Mwanamke mwenye tochi alikuja akammulika usoni.

"Wewe ndiye bwana wa kaa? Sasa umekaa unatazama nini, baba? Wameshatoka, na kuna mama huko mbele amepandisha miguu kitini."

Nyuma yao watu walikuwa wameanza kumpigia Armand makofi. Évariste alichukua mfuko kutoka kwa mkewe, akaenda mbele akainama, kwa kuwa sasa ilikuwa kazi yake.