Mtelezaji wa Tatu

Daraja, siki, ndoo, kunguru, kitambaa.

Vizma Odiņa alikuwa ameketi kwenye sakafu ya bafu la bweni, mgongo ameuegemeza kwenye bomba la maji ya moto, kwa kuwa chumbani kwake chuma cha kupashia joto kilikuwa kimekufa tangu Krismasi. Alifumba macho akayasema tena. Daraja, siki, ndoo. Akafumbua macho, akachungulia karatasi. Kunguru. Alijichukia kwa kuchungulia.

Karatasi ile aliletewa jana jioni na mwalimu wake, Alvils, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya glavu. Hakumtazama usoni alipompa. Alisema tu kwamba daktari atasoma orodha ya kwanza, kwa hiyo asijisumbue na ya pili.

Yalikuwa maneno ya kumpima mtu aliyegonga kichwa. Siku kumi na mbili nyuma Vizma angeyashika kwa kuyasikia mara moja tu. Kisha mazoezini, kwenye kona ya kumi na nne, sleji yake, kile kigari cha kutelezea kwenye njia ya barafu, ilipanda ukuta kuliko ilivyopasa, ikamtupa, na kichwa kikagonga mara mbili kabla hajasimama. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Watu walimpigia makofi. Jioni ile alitia chumvi kwenye chai akainywa yote. Siku ya tano alitoka kununua mkate mweusi, na akiwa na mkate mkononi akasimama mbele ya duka asijue bweni liko upande gani, katika mji ambamo amekaa tangu akiwa na miaka kumi na minne. Alikwenda hadi kituo cha treni, akakaa kwenye benchi mpaka njia ikamrudia.

Hilo alimwambia Alvils peke yake. Alvils alimshauri alale zaidi.

Zamani hakuwa mwoga. Kulala chali juu ya kigari kisicho magurudumu wala breki, miguu mbele, ukateremka mlima kwa kilomita mia na ishirini kwa saa, huko kwao ni kazi kama kazi nyingine. Sasa kona ile aliiogopa hata kuiwaza. Lakini kulikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko hiyo: hofu ya kujulikana.

Maana Sanita, mwenzake wa timu, alijulikana. Msimu uliopita Sanita alisema ukweli, kwamba kichwa kinamuuma na taa zinamchoma macho. Daktari akaandika hivyo hivyo. Sanita akaambiwa apumzike, na mapumziko yale hayakuwa na mwisho. Jina lake liliondolewa kwenye orodha ya jeshi, ambako wanariadha wote hupewa cheo cha koplo na mshahara wa kuishi. Siku hizi anauza petroli kando ya barabara ya Riga, amevaa miwani myeusi hata siku za mawingu.

Miaka mitatu nyuma wanawake wa timu walikuwa saba. Wamebaki watatu. Na wizara ina kanuni yake: shirikisho linalofikisha watelezaji watatu chini kwenye mashindano ya nyumbani hubaki daraja la kwanza, likifikisha wawili, linashuka. Daraja hilo ndilo lililojenga ofisi mpya yenye milango ya vioo, na ndilo linalompeleka mwenyekiti Brencis na jamaa zake kila penye barafu duniani. Mkandaji misuli wa timu aliachishwa kazi. Daktari huja siku za mashindano tu. Sleji mbili mpya walipewa wale wawili wenye tumaini la kushinda. Vizma anatumia ya mtu aliyestaafu, vyuma vyake vimesagwa mpaka vimekuwa vyembamba. Yeye ni wa tatu. Kazi yake ni kuwa wa tatu.

Brencis aliwakuta kwenye chumba cha chakula, mbele ya sahani za mbaazi za kijivu na nyama ya nguruwe. Alizunguka akiwashika mabega mmoja mmoja. Kwa Vizma alivuta kiti akakaa.

“Umelala, binti yangu?”

“Nimelala, mwenyekiti.”

“Na mama? Bado yupo kiwanda cha samaki?”

“Bado.”

“Msalimie sana. Ile nyumba ya jeshi anayokaa imeandikwa jina lako, siyo? Nzuri ile. Ina joto.” Akachukua kipande cha mkate kwenye sahani ya Vizma, akakila. “Mimi sikuombi medali. Nani leo anaota medali? Ninachotaka ufike chini tu. Mara mbili, basi. Hata ukiwa wa mwisho.”

Vizma aliweka kijiko chini. “Mwenyekiti, kichwa changu…”

“Kichwa muachie daktari,” alisema Brencis, akampapasa nywele kama mtoto. “Wewe tuletee miguu. Si ndiyo inayotangulia?”

Meza nzima ikacheka. Vizma naye akacheka, kwa kuwa kutocheka kungeonekana.

Njiani kwenda kwa daktari alipata shauri. Ataacha maneno mawili kwa makusudi. Atasema matatu, atanyamaza, na daktari mwenyewe atamzuia. Hapo hakuna atakayesema Vizma amekataa. Itakuwa ni daktari aliyeamua. Labda mshahara utasimama mwezi mmoja tu. Labda mama hatajua. Shauri hilo lilimpa nguvu, akapanda ngazi mbili mbili.

Chumba cha daktari kilikuwa chini ya jukwaa la watazamaji. Juu yao miguu ya watu ilikuwa imeshaanza kukanyaga mbao. Daktari Strautnieks, mzee mwenye mikono safi sana, alimulika macho yake kwa tochi ndogo, akamsimamisha mguu mmoja, akamshika alipoyumba. Kisha akasoma maneno matano polepole. Akazungumza kidogo habari za theluji, ili muda upite. Akamwomba ayarudie.

“Daraja,” alisema Vizma. “Siki. Ndoo.”

Akanyamaza kama alivyopanga. Halafu, kwa kujiridhisha tu, akayatafuta yale mawili moyoni, ayaone, ajue kwamba anayaficha. Hayakuwepo. Alitafuta tena. Palikuwa patupu, pakavu, kama chungu kilichokombwa. Jasho lilimtoka chini ya nguo nyembamba ya mashindano. Basi haikuwa hila tena.

Daktari akaweka alama ya vema mbele ya neno la nne, akaweka na mbele ya la tano.

“Vizuri,” alisema.

“Daktari, sijayasema yale mawili.”

“Nimekusikia.”

“Sikuyasema. Siyajui.”

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. “Mwaka jana niliandika ukweli wa mtu kwenye meza hii hii. Yuko wapi leo, unajua kuliko mimi. Na mimi nilikalishwa nyumbani miezi minane, mpaka nikaja kuomba radhi.” Akausukuma mhuri wa kupitisha wanariadha katikati ya meza, ukawa karibu na mkono wa Vizma kuliko wake. “Haya, niambie wewe. Ukisema hufai, nitaandika hufai. Lakini useme wewe.”

Vizma alimwona mama yake na vidole vilivyokatwakatwa na makopo ya samaki. Aliona nyumba ile yenye joto. Akaona kona ya kumi na nne. Mdomo aliufungua. Miguu iliendelea kukanyaga juu ya dari, mingi, ya watu wenye furaha, na mdomo ukabaki wazi hivyo mpaka daktari akausogeza mhuri kwake, akaupumulia, akaugonga.

Kule juu mlimani, penye kuanzia, Alvils alimfunga zipu ya nyuma. Alimwambia asiwaze chochote, ahesabu kona tu, zipo kumi na sita, akizimaliza amemaliza. Aliivuta tena zipu iliyokwisha kufungwa, na Vizma akajua kwamba mwalimu naye anaogopa, na kwamba hatasema. Alishika vyuma vya kuanzia. Taa ikawa kijani. Akavuta, akajirusha, akakwangua barafu kwa glavu zenye misumari mara nne, akalala.

Moja. Mbili. Barafu ilinguruma chini ya mgongo. Mbao na taa zilikimbia kandoni, na shingo, ambayo ndiyo inabeba kichwa njia nzima bila mto, ilianza kumuwaka. Tano. Sita. Alijisikia analia, machozi yakirudi masikioni. Nane. Tisa. Baada ya tisa alitafuta inayofuata.

Theluji ilikuwa inaanguka taratibu. Vizma alisimama chini, kando ya sleji, amefunikwa blanketi ambalo hakukumbuka kufunikwa. Watu walikuwa wanashangilia kitu fulani. Kwenye ubao wa taa aliliona jina lake, na mbele yake tarakimu za muda na nafasi, ya ishirini na mbili kati ya ishirini na nne, na akafikiri ni vizuri kwamba wameliandika mapema. Kwenye jukwaa la wageni, mwenyekiti Brencis alikuwa anapeana mikono na mtu wa wizara. Alipomwona Vizma anatazama, aliinua kidole kimoja juu: bado mara moja.

Alvils alikuja mbio, akateleza, akamshika mikono yote miwili.

Vizma alimvuta karibu, asije mtu mwingine akasikia.

“Mwalimu,” alinong’ona, “zamu yangu ya kuteremka bado? Naogopa.”

Alvils alitazama ubao, akatazama jukwaa. Nyuma yao lori linalorudisha sleji mlimani lilikuwa limewasha injini, na mtangazaji alikuwa ameshaanza kuwaita watelezaji kwa mteremko wa pili.

“Ndiyo kwanza inafika,” alisema mwishowe. Akamfunga ukanda wa helmeti chini ya kidevu, akaukaza, akamshika kiwiko kumpandisha kwenye lori. Vizma akamshukuru.