Salio Lililozaa

"Nasikia kadi hizo zinazaa."

Hayo yalikuwa maneno ya mwenzangu wa kufulia nguo za hospitali, tuliyemwita Redio kwa kuwa habari haikumpita bila kutangazwa. Tulikuwa tunakunja shuka, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Nikamjibu, "Ikizaa, shoga, nitainunulia mbeleko." Tukacheka mpaka msimamizi akagonga ukuta. Lakini uvumi ule ulining'ang'ania kama harufu ya dawa ya madoa: unanawa, unajipaka mafuta, ukilala bado umo mikononi.

Kadi ya mkopo nilikuwa nayo tayari. Aliileta kazini mwanamke wa benki, shati lake limenyooka kuliko shuka zetu zote. "Mama, hii ni heshima yako," alisema. "Unachukua unachohitaji, unalipa mwisho wa mwezi." Mimi niliishia darasa la saba. Nilisikia heshima; yaliyobaki yakapita.

Nikanunua godoro, kwa ajili ya mgongo. Kisha jiko. Kisha viatu vya shule vya kitinda mimba wangu, binti aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu aombe chuo cha uuguzi. Mwisho wa mwezi simu ikalia: Salio lako ni 210,000. Malipo ya chini 12,000.

Salio. Nani asiyelijua neno hilo? Ukiongeza pesa kwenye simu unauliza salio, unaambiwa ulichonacho. Salio ni chako. Ile elfu kumi na mbili nikailipa nikidhani ni ya kutunza kadi, kama michango yetu ya chama. Mwezi uliofuata nilinunua unga na sabuni tu, na salio likapanda. Nikasimama katikati ya mashine zinazonguruma, nikajiambia: kumbe kweli inazaa!

Tangu hapo nililichunga kama mtu anavyochunga maziwa jikoni. Likafika laki tatu. Likafika laki nne. Lilipogonga laki nne na themanini nikapumua, maana hiyo ndiyo ilikuwa ada ya mwaka wa kwanza, kamili. Kibubu nilichokijaza miaka mitatu nikakivunja, nikaezeka paa upya.

Siku ya ada tulifika chuoni saa nne asubuhi. Dirisha lilikuwa linafungwa saa tisa. Karani akapitisha kadi. Akapitisha tena.

"Imekataa, mama."

"Itakataaje na salio lipo?" Nikamsogezea simu.

Akasoma, halafu akamtazama binti yangu badala ya kunitazama mimi. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama," binti akaninong'oneza, "hili salio siyo tulilonalo. Ni lililobaki kulipwa."

"Lilipwe na nani?"

"Na sisi."

Nilipiga simu mpaka sikio likawaka moto. Redio alituma alichokuwa nacho. Hata robo haikufika. Msimamizi akasema mshahara hauombwi kabla ya tarehe. Benki wakaniuliza lini nitapunguza deni. Nikarudi dirishani, nikashika vile vyuma, nikamwita karani baba, yeye ambaye ningeweza kumzaa. Nikamwomba hadi Jumatatu tu.

"Mama yangu," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, "nyuma ya binti yako wapo arobaini wanaingoja nafasi hii."

Saa tisa akashusha pazia.

Njiani binti hakulia. Alinipokea mkoba, akatembea upande wa jua ili mimi nipate kivuli. Heri angenifokea.

Huu ni mwaka wa pili. Redio amestaafu, na ncha ya pili ya shuka anaishika binti yangu. Anakunja vizuri, pembe kwa pembe. Wauguzi wakipita na sare zao, yeye huinama kama anayetafuta doa. Deni limebaki kidogo, naye huweka chochote anachoweza katika kibubu kipya.

Jana yule mwanamke wa benki alirudi na shati lake. Akampa binti yangu bahasha. Nilimwona akiitia mfukoni mwa aproni bila kunitazama. Tangu lile dirisha, nikitaka kumwambia neno la fedha huwa nalimeza. Kwa hiyo nimeandika. Karatasi hii nitaiweka mfuko uleule, juu ya bahasha.

Usinunue kwa kadi kitu ambacho fedha yake huna.

Usilipe malipo ya chini ukadhani umelipa. Lipa yote, kabla ya tarehe.

Usitoe pesa taslimu kwa kadi. Riba yake haingoji mwisho wa mwezi.

Usichukue kadi ya pili kuizima ya kwanza.

Usione haya kuuliza maana ya neno unalodhani unalijua.

Usivunje kibubu, hata paa likivuja, hata nikikuomba mimi.

Usiizoee hiyo ncha ya shuka.