Malalamiko Dhidi ya Karani

"Kiwanja changu, tofali langu, ukuta wangu," Karani alisema. "Wewe kinachokuuma nini?"

"Dirisha langu," fundi cherehani akajibu kutoka ndani, kichwa kikichungulia juu ya tofali la mwisho. "Kesho nitatunga uzi kwa kupapasa?"

Mtaa mzima tulikuwa nje, wengine na sufuria mkononi. Ukuta ulishafika nusu ya dirisha lake. Mistari mitatu zaidi ya tofali, na mwanga anaoshonea ungekwisha. Fundi yule ni mjane, hana kazi nyingine wala dirisha jingine.

"Kama una haki, kashtaki," Karani akasema, akaingia kwake.

Sasa basi, mtaani kwetu barua za mahakama zinaandikwa na mtu mmoja tu, mstaafu wa ukarani mwenye taipureta yake. Ndiye huyo huyo Karani.

Alasiri fundi akajitanda mtandio, akabisha hodi. "Nimekuja kuandikiwa malalamiko."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yako."

Karani akamtazama, akavaa miwani, akachomeka karatasi. Kazi ni kazi. "Haya, sema."

"Andika, jirani yangu ana roho mbaya."

"Hiyo haikusaidii, dada. Dirisha lina miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili. Marehemu alilitoboa mwenyewe, macho yangu yalipoanza kuchoka."

Vidole vikasita, kisha vikaendelea. "Hapo ndipo penye nguvu," Karani akasema taratibu. "Mwanga umeutumia miaka yote hiyo, hakuna aliyekukataza. Mtu hawezi kuamka siku moja akauziba."

Akaanza kumsomea. Alipofika "mlalamikiwa, bila kumjali mlalamikaji," akavua miwani, akaifuta.

"Endelea tu, Karani," fundi akambembeleza.

Alimaliza, fundi akaweka sahihi. "Nakala hii ni ya mlalamikiwa," Karani akasema, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Ana siku kumi na nne za kujibu."

"Nitasubiri."

Hakusubiri hata saa moja. Tulisikia nyundo, tukatoka mbio kama kawaida yetu. Karani, na shati lake la ofisini, miwani imejaa vumbi, alikuwa anabandua tofali moja moja.

Fundi akatoa kichwa dirishani. "Hiyo mistari ya chini ya dirisha iache, kuku wangu wasije wakakusumbua."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Haya, nawa mikono uingie. Nimeshapakua sahani mbili."