Mto wa Kabingo

Généreuse alikuwa bado anabandika malisho kwenye mlima wake wa udongo, nyuzi za gunia alizozichovya katika rangi ya kijani, wageni wawili walipoingia. Watu wa mtaa wa Mapendo walikiita chumba hicho musée, makumbusho. Ndani, vilima vya Masisi vilijaa meza nne, na ng'ombe wadogo kama punje za maharagwe. Treni ya makopo ya sardini ilivipitia juu ya reli za njiti za mwavuli.

Aliikimbia Kabingo, kijiji chao, akiwa mtoto, vita ilipofika. Mama yake ndiye aliyekuwa akimsahihisha alipokosea kuikumbuka. Tangu afariki, Généreuse hakujua tena kama anakumbuka au anabuni. Ndiyo maana aliwatafuta majirani hawa wa zamani hadi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya.

Muzee Védaste alizizunguka meza, mikono mgongoni. Mama Henriette aliinama karibu na reli.

"Treni ilifika kwetu siku gani?"

"Haiyafika, mama. Ni watoto waliniomba."

"Haina shida. Ipite."

Gundi ikakauka vidoleni mwa Généreuse.

"Huu mto," Védaste akasema, "nani aliiweka huku?"

"Ni miye, papa."

"Ilikuwa inapita kuume ya hii jibwe."

Henriette akacheka. "Muone huyu muzee. Hata juu ya meza anataka kusogeza mpaka, aniibie shamba."

"Muongo weye. Mbele ya udongo kuanguka, mulikuwa munalima wapi?"

"Na ilipoanguka, ni miye niliita mto ikuje?"

Généreuse aliwakatiza polepole, kidole juu ya jiwe. "Hii jibwe, munaijua?"

Walimtazama kana kwamba amewauliza majina yao.

"Nilianguka hapo na bido ya maziwa, ikamwagika yote," Védaste akasema. "Huyu mama akacheka."

"Ninacheka mpaka leo."

Généreuse akachukua kisu. Hakuuliza nani ana haki. Aliukata mlima aliouhangaikia mwezi mzima, akautoa mto wake pande kwa pande, huku akipiga mluzi kama mtu anayekwenda sokoni na mzigo mwepesi. Akajaza udongo mbichi. Nyuma yake, wale wawili walivuta viti, kila mmoja kwenye ukingo wake.

Jioni walipoondoka, Védaste aliahidi kurudi kesho mapema. Henriette akasema yeye atakuwa ametangulia.

Généreuse akalowesha gunia la kufunikia udongo usipasuke. Kabla ya kulitandika, aliona kwenye udongo michirizi miwili ya vidole vya wazee, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa jiwe, yote miwili ikiteremka bondeni.