Chupa za Baba Mkwe

Mfamasia aliiona chupa ya kwanza imelala katikati ya barabara kama mlevi, kifuniko chake chekundu kimetazama juu, akajua papo hapo ni ya nani. Kulikuwa na mamia ya watu katika mashindano yale, lakini ni mtu mmoja tu aliyezungushia chupa zake utepe mweusi wa umeme kama anayeziba bomba linalovuja. Baba mkwe wake.

"Nilijua," alisema peke yake, akiikwepa. "Wallahi nilijua."

Ndiyo kwanza walikuwa wametoka majini. Yalikuwa mashindano ya siku nzima: alfajiri kuogelea ziwani, kisha baiskeli kilomita mia na themanini, kisha kukimbia marathoni nzima kwa miguu ile ile. Baba mkwe, dereva wa malori mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na ushei na mabega mapana kama mlango, aliogelea haraka kuliko mkwewe, kwa hiyo alitangulia barabarani. Hilo halikumuuma mfamasia. Kilichomuuma ni kwamba habari ya zile chupa alikuwa ameisema mapema.

Aliisema kwa adabu, na ndiyo maana haikusikika. Jumapili moja, uani kwa wakwe, aliinama nyuma ya baiskeli ya mzee akiwa na spana mkononi. "Baba, naona hiki kishikizo cha nyuma ya kiti kimelala sana. Kwenye barabara mbovu chupa zitaruka. Tungekiinua kidogo, tukaongeza na mpira wa kubana."

Mzee alicheka. "Mkwe, mimi nimefunga mizigo kwenye lori wewe hujaota meno. Nimebeba vioo. Nimebeba mayai. Hakuna kilichoanguka."

Mfamasia aliitia spana mfukoni. "Sawa, Baba."

Ungemwambiaje? Mkwe ni mkwe. Aliyekupa binti yake humwambii kwamba hajui kufunga kamba.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kubahatisha. Chupa zake zilikuwa tatu: moja katikati ya mikono, yenye mrija, na mbili kwenye fremu. Kila moja aliipimia chumvi na glukosi yake kama anayemtengenezea mgonjwa dawa, na kila moja aliibandika namba yake ya mashindano. Mwaka mzima alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akifanya mazoezi, kisha anakwenda kufungua duka la dawa macho yamemwiva. Alitaka kitu kimoja tu: amalize kabla jua halijazama. Mwaka uliopita lilimzamia njiani.

Lakini asubuhi ile, akiwa amekwisha kuvaa, mke wake alimshika kiwiko.

"Usimwache baba peke yake."

"Na mimi nina mbio zangu."

"Najua. Lakini unamjua alivyo. Usimwache."

Basi akawa anamfuata. Sheria ilitaka waachane nafasi ya kutosha magari kadhaa, wasikingiane upepo, naye akaishika nafasi hiyo kwa uaminifu, huku miguu yake ikimwambia pita, pita, unangoja nini? Mgongo wa mzee ulikuwa mbele yake, mpana, haukuharakisha wala haukupunguza. Nyuma ya kiti, chupa iliyobaki ilikuwa inatikisika kama jino bovu.

Walipofika penye lami iliyobanduka, jino likang'oka.

Chupa iliruka juu, ikagonga lami, ikadunda, ikaja moja kwa moja kwenye gurudumu lake la mbele. Mfamasia alikata usukani. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, tairi likaingia shimoni na kutoka kwa kishindo kilichompanda mpaka kwenye meno. Hakuanguka. Ila alipotazama chini, kishikizo kimoja cha fremu kilikuwa kitupu. Chupa yake, ile yenye chumvi nyingi aliyoitunza kwa ajili ya jua la mchana, ilikuwa nyuma barabarani, imepasuka, inamwagikia vumbi.

Alikanyaga pedali kwa hasira mpaka akamfikia mzee ubavuni, kinywa kimejaa maneno aliyoyalimbikiza tangu siku ya posa. Akafungua mdomo.

"Shikamoo, Baba," alisema mdomo wake.

"Marahaba, mkwe! Umenifikia! Barabara gani hii, eh? Hawa wenye barabara hawana haya."

"Chupa zako zimeanguka."

"Nimezisikia. Usijali, ninayo nyingine."

Mfamasia alirudi nyuma kwenye nafasi yake, ulimi akiuuma.

Kwenye kituo cha maji wasaidizi walikuwa wamesimama mstari mmoja, mikono imenyoshwa, kila mmoja na chupa. Kazi ya pale ni ndogo ukiijua: unapunguza mwendo, unamtazama mtu mmoja machoni, unaichukua chupa kwa juu. Mzee hakupunguza. Alipita kama basi lililochelewa, akaikosa ya kwanza, akaipiga kofi ya pili ikammwagikia msichana wa watu, na ya tatu akaipata. Mfamasia, nyuma yake, alichukua moja taratibu, akaitia palipokuwa patupu, kisha akamwomba radhi yule msichana kwa niaba ya ukoo mzima.

Ile chupa aliyoipata mzee ilikuwa nyembamba kuliko kishikizo chake. Hata mtoto angeona. Ilicheza mle ndani ikilia kwa-kwa-kwa. Kwenye mteremko wa kwanza ikachomoka, ikabingirika mpaka mtaroni. Mzee hakugeuza hata shingo.

"Mungu wangu, nipe subira," alisema mfamasia. "Na kama huna subira, nipe njia nyingine."

Jua likapanda. Baada ya mteremko kulikuwa na mlima mrefu, mkavu, usio na kituo wala kivuli, na walipofika nusu yake, mgongo ule mpana ukaanza kubadilika. Kwanza mabega yalishuka. Kisha baiskeli ikaanza kuandika nyoka barabarani. Mfamasia alizijua dalili hizo. Wateja wenye dalili hizo aliwakalisha kwenye benchi kabla hata hawajasema shida yao. Alisogea.

"Baba, ile chupa ya fremu ina kitu?"

"Imeisha zamani."

"Chukua hii." Alimnyoshea ile yenye dawa, ya mwisho kati ya zile alizozipima zilizokuwa kwenye fremu. Sheria iliruhusu washindani kupeana maji.

"Hapana, mkwe. Hiyo ni yako. Mimi nilishavuka jangwa na lori bovu."

"Baba, chukua."

"Nimesema sitaki. Nitakunywa kileleni."

"Kileleni hakuna maji."

"Basi nitakunywa chini."

Hapo kitu kikakatika. Miaka yote ya *sawa, Baba* na *ndiyo, Baba*, na kusogeza viti, na kucheka vichekesho vya mayai kwenye lori, yote ilimtoka kwa mkupuo mmoja.

"Kunywa!" alifoka, na sauti ikarudi kutoka ng'ambo ya mlima. "Kunywa, Baba! Chupa zako zote umezimwaga, yangu umeipasua, na sasa unataka kuzimia ili mimi nikamwambie nini binti yako? Kunywa!"

Mzee alimtazama kama mtu aliyebwekewa na kiti. Akanyosha mkono, akaipokea chupa, akanywa. Alikunywa yote. Hakubakiza hata tone la kulowesha ulimi. Kisha, kwa mkono wa dereva aliyekuwa akitupa maganda dirishani maisha yake yote, akaitupa kando ya barabara, akakanyaga pedali na kwenda zake.

Mfamasia alikuwa bado anaitazama chupa ikibingirika majanini aliposikia pikipiki nyuma yake. Ilisimama. Mwamuzi, mwanamke mwenye kizibao cha mistari, alishuka, akaiokota, akaigeuza, akasoma namba. Kisha akamfikia.

"Hii ni namba yako?"

"Ni yangu."

"Kutupa chupa nje ya eneo la kituo ni kosa. Unalijua?"

"Nalijua. Nimelisoma."

"Uliitupa wewe?"

Alitazama mbele. Mzee alikuwa amepona ghafla. Anapanda mlima kama kijana anayekwenda kuchumbia.

"Chupa ni yangu," alisema.

Mwamuzi akatoa kadi.

Hema la adhabu lilikuwa baada ya mlima. Alikaa humo kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, saa ya mwamuzi mwingine ikihesabu taratibu kuliko saa zote za dunia. Wote aliokuwa amewapita tangu asubuhi sasa walimpita yeye, mmoja mmoja. Alitaka kulia, na kwa maji aliyokuwa amebakiwa nayo mwilini, asingeweza hata hilo.

Alipoanza kukimbia, miguu ilimdai kila kitu ilichonyimwa. Misuli ya paja ilijikunja mpaka akashika mti. Alitembea, akakimbia, akatembea. Njia ya kukimbilia ilikuwa ya kwenda na kurudi kando ya ziwa, na kwenye kona moja akamkuta mzee anachechemea, kofia imepinda.

"Mkwe! Mbona umekawia? Nilikungoja weee, nikachoka."

"Nilipewa adhabu. Ya chupa."

"Chupa gani?"

"Ile uliyoitupa. Ilikuwa na namba yangu."

Mzee alisimama. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika goti, mpaka wakimbiaji wawili wakageuka kutazama. Mfamasia alisubiri, uso mkavu. Kicheko kikaisha chenyewe, na mzee akajipangusa macho.

"Sasa kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ningesemaje, Baba?"

"Kwa mdomo! Ule ule ulionifokea nao mlimani."

"Baba," alisema mfamasia, na safari hii hakufoka, ila hakupunguza kitu. "Nimekaa nyuma yako siku nzima. Maji unayo, kituo kiko pale. Mimi naenda."

Hakungoja ruhusa. Alikwenda.

Jua lilizama angali na kipande kizuri cha njia mbele yake. Aliliona likiingia ziwani, jekundu, bila haraka. Akatukana kwa sauti ndogo na kuendelea.

Mke wake alikuwa kwenye uzio wa mstari wa kumalizia. Alimkumbatia na jasho lake lote, kisha akatazama nyuma yake.

"Baba yuko wapi?"

"Anakuja."

"Umemwacha?"

"Nimemwacha."

Mke alimtazama juu mpaka chini. Akampa chupa ya maji. Mfamasia aliishika tu mkononi. Hakutaka kuona chupa tena.

Mzee alifika anatembea, mikono juu kama mshindi, na watu wasiomjua wakampigia makofi na vigelegele. Mfamasia naye alijikuta anapiga makofi, na hilo nalo likamuudhi.

"Mumeo ana mdomo," mzee alimwambia binti yake, akivuta pumzi. "Leo kanifokea."

"Umemfokea baba?"

"Ndiyo," alisema mfamasia.

"Tena mlima mzima umesikia," alisema mzee. "Afadhali. Miaka yote hii nilidhani nimemwoza binti yangu kwa bubu."

Mke akacheka. Mfamasia hakucheka. Alikuwa anautazama ubao wa muda, jina lake na saa yake, na jinsi ambavyo hakuna mahali palipoandikwa sababu.

Garini mzee alikaa mbele, kama kawaida, akakirudisha kiti nyuma mpaka kikamgusa mkwewe magotini, yale magoti yaliyokuwa yanawaka moto. Kila safari alikuwa akikirudisha hivyo.

"Baba," alisema mfamasia. "Sogeza kiti mbele."

Mke, aliyekuwa kwenye usukani, aliganda na ufunguo mkononi.

Kiti kikasogea. Si sana.

"Bado, Baba."

Kikasogea tena.